Maziwa Ndani ya Injini ya Kakuta

Kuna watu hapa Kitengela ambao hadi leo watakuapia kwamba injini ya lile gari la Kakuta, DX nyekundu, iliundwa na Mzee Kimani. Waache waape. Wacuka, bintiye mzee huyo, alikuwa amefanya kazi katika gereji ya babake miaka tisa, na miaka yote tisa wateja walimwangalia kana kwamba amekuja kuleta chai. "Babako ako?" Hilo ndilo swali pekee walilojua kumuuliza. Alikuwa amechoka nalo, tena amechoka haswa.

Kwa hivyo Kakuta alipoleta gari lake, Wacuka alimwomba baba kitu kimoja: injini hii aiunde peke yake, kutoka nati ya kwanza hadi ya mwisho. Kakuta alikuwa mfugaji wa upande wa Kajiado, mwenye ng'ombe wengi na maneno mengi zaidi, na ugonjwa wake ulikuwa mashindano ya mita mia nne. Magari mawili, barabara iliyonyooka, anayefika kwanza anapiga kelele hadi Jumatatu.

Mzee Kimani alifikiria hadi chai yake ikapoa.

"Sawa," akasema. "Lakini nikijua umekosea mahali, nachukua spana. Na hutagusa injini ingine ya mashindano hapa nikiwa hai."

Mzee hakuwa mkatili. Alijua tu kwamba injini ya namna hiyo ikipasuka mbele ya watu, gereji nzima inachekwa.

Wiki sita Wacuka hakujua Jumapili wala sikukuu. Pistoni mpya alizipima kwa mizani ya jikoni na kuzikwaruza kidogo kidogo hadi zote nne zikalingana uzito. Juu ya injini akafunga mabomba manne mafupi ya kuvuta hewa, midomo wazi ikiangalia mbinguni, maana Kakuta alitaka kelele. Kufikia Jumatano, siku tatu kabla ya mashindano, injini ilikuwa ndani ya gari, mafuta yametiwa, bado kuwashwa tu.

"Ngoja kwanza," Kakuta akasema. "Kitu kipya hakiwashwi kabla Yeyo hajakibariki."

Yeyo ni mamake. Akashuka kwa pickup na kibuyu cha maziwa na konzi ya nyasi mbichi, shanga zikilia.

"Takwenya!" akamsalimia Wacuka.

"Iko!" Wacuka akaitika, akainamisha kichwa aguswe.

Yeyo akachovya nyasi, akanyunyizia magurudumu, akanyunyizia milango, akamnyunyizia Wacuka na Mzee Kimani, huku akimwomba Enkai, Mungu wa Wamaasai. Hadi hapo mambo yalikuwa mazuri. Wacuka akarudi nyuma ya gari kufunga betri kwenye buti. Boneti ilikuwa wazi.

"Hii inakula na wapi?" Yeyo akamuuliza mwanawe.

Na huyo Kakuta, mtu mzima na akili zake, akaonyesha yale mabomba manne.

Yeyo hana ubaguzi. Kila mdomo ulipata haki yake, tena si kwa nyasi. Aliinamisha kibuyu chenyewe.

"Yeyo! Basi! Basi! Wueh!" Wacuka alikuja mbio, spana mkononi.

"Usijali, mtoto wangu," Yeyo akasema kwa upole. "Maziwa mengine yako kwa pickup."

Kakuta alishika kichwa. Mzee Kimani aliondoka haraka akaenda nyuma ya kontena la vipuri, na waliosimama karibu walimsikia akicheka hadi akakohoa. Wacuka hakucheka. Kibuyu husafishwa kwa kijinga cha moto, na maziwa yake huwa na masizi. Chembe hizo zikiingia kwenye mafuta ya injini mpya, zitaisaga kama msasa.

"Nafungua yote," akasema.

"Yote? Na race ni Jumamosi?" Kakuta akauliza.

"Basi toka kwa njia nianze."

Alhamisi asubuhi, kabla jua halijapanda, baridi ya nyika ikiwa bado iko mabatini, Wacuka alikuwa ameshatoa pistoni zote na kuosha kila kitu. Ilibaki kranki peke yake, ule mti mzito wa chuma unaozungushwa na pistoni. Bila pistoni, kranki inafaa kuzunguka kwa kidole kimoja. Akaisukuma kwa kidole. Haikwenda. Akasukuma kwa mikono yote miwili, ikajivuta kidogo, ikagoma.

Moyo ulimshuka hadi kwenye gumboots. Siku aliyoifunga ilizunguka vizuri kabisa! Akaketi juu ya tairi akafikiria siku hiyo, na hapo akajiona alivyokuwa mjinga. Alikuwa ameosha bloki, kile chuma kikubwa kinachobeba kranki, kwa sabuni, akaianika uani ikauke isishike kutu, kama kila mtu anavyofanya Kitengela. Saa saba mchana chuma kilikuwa moto wa kuchoma mkono, kimetanuka. Kranki ilikuwa imetoka kontena, baridi. Akazipima hivyo hivyo, moja ya moto na nyingine ya baridi, akachagua unene wa beringi zinazoishika kranki kwa vipimo hivyo, akafunga papo hapo. Bloki ilipopoa, ikaibana kranki. Lau ingewashwa vile, ingeshika na kukwama kabla ya kumaliza mita mia nne.

Hakuna aliyejua. Kila mtu aliamini shida ni maziwa. Angebadilisha beringi kimya kimya na maisha yaendelee. Alikaa na wazo hilo kwa dakika nzima, na lilikuwa wazo tamu. Kisha akainuka, akaenda hadi kibandani ambapo baba alikuwa anakunywa chai.

"Baba, nimekosea."

Akamweleza yote. Mzee akaweka kikombe chini.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Na bado umekuja."

Mzee akaangalia barabara. "Mwaka niliofungua gereji, nilifanya hivyo hivyo na lori ya mteja mmoja, Muthama. Bloki kwa jua, kranki kwa nyumba. Nilikuja kujua lori ikiwa imeshaenda, nikanyamaza. Injini ikashika ikakwama huko Ilbissil, Muthama akalala siku mbili barabarani na ng'ombe za watu. Mpaka leo anadhani aliuziwa mafuta mbaya."

"Si ulisema utachukua spana?"

"Nilisema. Nimezeeka, nasahau." Akamsukuma begani. "Enda upime tena. Kivulini!"

Ijumaa jioni injini iliwaka mara ya kwanza, ikanguruma hadi mbwa wa jirani wakahama. Kakuta aliruka juu kama morani, na yeye ni mtu wa kilo mia moja na kumi.

Jumamosi, kwenye barabara ya ranchi moja karibu na Kajiado, mbio zilisimamishwa mara mbili mbuzi wapite. Kakuta alishinda ya kwanza, akashinda ya pili. Fainali akapangwa na Ouma, kijana wa Nairobi mwenye gari jeupe na kompyuta kwa dashibodi.

Bendera ikashuka. Wacuka hakuweza kutazama. Alifumba macho akasikiliza: gia ya kwanza, ya pili, ya tatu, sauti safi, haikwaruzi, haigongi. Alipofumbua, watu walikuwa wanapiga mayowe, Yeyo akiwa mbele yao, na DX nyekundu ilikuwa inarudi yenyewe, taratibu, bila moshi hata kidogo. Ilishinda kwa urefu wa boneti. Furaha ilimpanda Wacuka hadi akasahau kupiga makofi.

Ouma alikuja akitabasamu, kofia mkononi, moja kwa moja hadi kwa Mzee Kimani.

"Heshima, mzee. Niundie kama hiyo."

"Mimi?" Mzee akasema, kwa sauti ya kusikika na umati wote. "Hapo hakuna hata nati moja yangu. Fundi ni huyu."

Ouma akageuka. "Pole, fundi. Uko na nafasi lini?"

Wacuka alitaka kujibu kama mtu aliyezoea kuulizwa. Machozi yakamtangulia.

"Jumatatu," akasema, akicheka na kulia pamoja. "Leta Jumatatu."