Gari la Ramesh na Mvua ya Harusi

Ramesh, mwenye duka la vyuma mjini Malindi, alikuwa na gari kuukuu la samawati alilolipenda kupita kiasi. Ujanani, alipokuwa akishindana mbio za magari kwenye vumbi la Magarini, alimwagiza fundi Gona akate tundu katikati ya boneti na kulifunika kwa bati lililopinda, mdomo wazi ukielekea mbele, ili injini ipate upepo. Watu waliliita pua. Siku za jua gari hilo lilikwenda kama mshale. Mvua ikinyesha, maji yaliingia puani, yakadondokea koili na nyaya za plagi zinazowasha injini, na gari likakohoa mpaka likazima.

Binti yake Dhwani alipoposwa na Nikhil wa Kilifi, Ramesh aliwachukua wakwe kuwatembeza. Walipofika Gongoni, mvua ikawakuta na gari likazima. Alishuka matopeni na suruali yake nyeupe, akapanguza nyaya huku wageni wakitazama pembeni kwa heshima. Heshima ile ilimuuma kuliko kicheko.

"Lizibe hilo tundu," shemeji yake Jignesh, kaka wa mkewe Kashmira, alimwambia Ramesh. "Au uza gari. Bibi harusi nitampeleka mimi ukumbini, kwa gari langu jipya."

Ramesh alijaribu kuliziba kwa mfuko wa nailoni. Injini ikapata joto mpaka harufu ya mpira ikasambaa uani. Akautoa mfuko, akaingia ndani.

Dhwani alimfuata. "Baba, mimi nitatoka nyumbani kwa gari letu."

"Masika haya, mwanangu? Likizima njiani nitauficha wapi uso wangu?"

"Basi tulitengeneze lisizime."

Asubuhi Dhwani alifungua boneti, akamwagia maji tunduni na kuinama kuangalia yanakopita. Ramesh alidhani anatafuta kifuniko kizuri zaidi. Dhwani akainuka, vumbi kwenye paji la uso.

"Tukizuia maji, tunazuia na upepo. Yaache yaingie, Baba, ila tuyape njia ya kutokea."

Alichukua sinia la alumini jikoni kwa mama yake, akalikata na kukunja kingo zake zisimame. Gona, ambaye nywele zake sasa zilikuwa nyeupe, alilifunga kwa chini ya boneti, likining'inia chini ya tundu na kuinamia pembe moja. Kwenye pembe hiyo Dhwani akatia bomba la mpira lililoshuka mpaka chini ya gari. Upepo ungegonga sinia na kumwagikia injini kwa pembeni. Maji yangebaki siniani na kuteremka bombani.

Walipojaribu, maji yalifurika na kuirowesha injini yote. Jignesh, aliyekuwa barazani na kikombe cha chai, alicheka mpaka akapaliwa.  Dhwani alitafuta bomba pana zaidi, akainua ukingo wa nyuma, akajaribu tena, na tena, mpaka injini ikabaki kavu. Kashmira alipoona mikono ya binti yake alitaka kulia. "Hina itapakwa juu ya mikwaruzo hii?"

"Itapakwa, Mama. Itapendeza tu."

Siku ya harusi, walipopita Gede mbingu zilifunguka. Ramesh alishika usukani kwa mikono miwili. Nyuma, Dhwani alikaa na sari yake nyekundu, naye akisikiliza. Mbele yao magari yalikuwa yameegeshwa kando kusubiri mvua ipungue. Ramesh alingoja kikohozi. Hakikuja. Injini ilivuma vilevile hadi Kilifi, naye akajikuta anaimba.

Ukumbini, wakwe walikuwa wamejipanga mlangoni na mashada ya maua. Ramesh aliingiza gari chini ya paa la kushukia wageni na, badala ya kumfungulia bibi harusi mlango, akafungua boneti. Akapitisha kiganja juu ya koili, akamwonyesha baba yake Nikhil.

"Kavu!" alisema mkwe, akishangaa. "Fundi gani huyu?"

"Binti yangu," alisema Ramesh.

Dhwani alikuwa ameshashuka mwenyewe. Nikhil, shada likimning'inia shingoni, aliinama kando yake akiuliza maji yanatokea wapi, naye akamwonyesha kwa kidole chenye hina. Wakwe wakasogea. Jignesh, aliyefika nyuma yao, alichungulia naye kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa upole kama sinia kubwa zaidi lisingefaa.

"Lingegusa injini, Mjomba," alijibu Dhwani.

Kuhani alitokea mlangoni akiharakisha watu. Saa njema ya kufungia ndoa ilikuwa inapita.

"Tunakuja, Maharaj," alisema Ramesh, kifua mbele. "Mwache kwanza amalize kueleza."