Minueti Isiyo na Tarumbeta

Karatasi ya noti iliyowekwa mbele ya mpiga tarumbeta Kilian Rossbrand asubuhi ile ilikuwa na neno moja tu: Nyamaza. Akaigeuza. Nyuma ilikuwa nyeupe pe.

Wenzake walikuwa wakikaza nyuzi za fidla zao katika ukumbi wa kasri la Oberlindach, na hakuna hata mmoja aliyemtupia jicho. Hilo nalo akalitia akilini. Kwa miaka ishirini na miwili, kila sikukuu ya jina la Mtukufu, mwenye kasri, minueti ya kufungulia dansi ilikuwa katika ufunguo wa Re mkubwa: ya haraka, ya kujidai, yenye tarumbeta na ngoma za kutetemesha vioo. Tarumbeta ya Kilian, bomba refu la shaba lisilo na tundu wala kitufe, iliishi katika ufunguo huo; mwingine haikuuweza.

Wendelin, mkuu wa muziki, aliinua karatasi aliyoiviringa mkononi.

"Sol mdogo, mabwana. Na polepole. Mapigo ni matatu kama kawaida, lakini msiyakimbize. Yaende kama mtu aliyebeba bakuli la maziwa lililojaa pomoni."

Fidla zikaanza katika ufunguo huo wa huzuni, na ukumbi ukaingia ubaridi kana kwamba wingu limepita juu ya paa. Kilian hakuusikia uzuri wake. Alisikia kwamba katika wimbo mzima hapakuwa na upenyo wa kuingiza pumzi yake.

"Ananitoa yule," alimwambia mkewe, Notburga, walipokaa kula supu ya dengu mchana.

"Nani tena?"

"Wendelin. Ana shemeji yake kule Augsburg, anapuliza klarineti. Kwanza mimi ninyamazishwe, kisha watu wazoee, kisha kiti kiwe cha shemeji."

"Shemeji gani? Yule aliyefungua duka la mishumaa?"

"Ndivyo wanavyotuambia."

Notburga akaangua kicheko. "Wewe mume wangu, hata paka akipiga chafya unataka kujua katumwa na nani! Kula mkate wako. Na mbona siku hizi unaulowesha hivyo mpaka unakuwa uji?"

"Mgumu."

"Nimeuoka leo."

Kilian akainamia bakuli lake.

Wiki mbili zilizofuata alimchunga Wendelin kama mwizi. Alimwona akishusha sauti alipopishana naye kwenye ngazi. Alimwona akimnong'oneza mpiga zumari, naye akitikisa kichwa kwa masikitiko. Alimwona akipeleka barua posta kwa mkono wake mwenyewe. Kila kitu kilikuwa ushahidi. Hata salamu ya Wendelin, iliyokuwa ya upole kupita zamani, aliiona kama mkono wa mtu anayempapasa ng'ombe kabla ya kumchinja.

Siku moja kabla ya sikukuu, mnakili wa noti alipokwenda kula, Kilian alijipenyeza katika chumba cha kunakilia, akapekua. Chini ya rundo akaikuta rasimu ya kwanza ya minueti. Ilikuwa Re mkubwa! Mstari wa tarumbeta ulipanda juu, ukang'ara, mzuri kuliko wowote aliowahi kupewa. Juu yake wino mwekundu ulikuwa umepita na kurudi. Pembeni iliandikwa: Jumatatu ya Pasaka.

Alikaa juu ya kigoda bila kujua kwamba ameketi.

Siku moja kabla ya tarehe hiyo, Jumapili ya Pasaka, kanisani, noti yake ya juu ilikuwa imepasuka. Alikohoa upesi kuifunika, akasingizia mafua. Jino lake la mbele lilikuwa likicheza tangu majira ya baridi, akilishikilia kwa ulimi usiku na mchana, na aliamini kuta za mawe zimemmezea ile aibu. Kumbe Wendelin, kule roshani ya mbali, alisikia, na kesho yake akaufuta mstari ule.

Shukrani haikuja. Ilikuja aibu, na nyuma yake hasira. Nani alimpa ruhusa ya kunihurumia? Tena, noti ikipasuka mbele ya wageni, anayeaibika kwanza ni mkuu wa muziki. Huenda alijiokoa mwenyewe tu.

Siku ya sikukuu, baada ya chakula cha mchana, wacheza dansi walianza minueti, lakini hawakufika hata nusu ya ukumbi. Mtukufu aliinua mkono, muziki ukakatika.

"Wendelin! Nani kafa?"

Wageni wakacheka.

"Hakuna, Mtukufu."

"Mbona minueti inalia? Tarumbeta zangu ziko wapi?"

"Mwaka huu nilipenda sauti nyingine, Mtukufu. Kosa ni langu."

"Ni lako kweli. Nitatafuta mtu anayejua sikukuu ni nini."

Kilian aliutafuta ujanja katika uso wa Wendelin, kama alivyoutafuta siku zote. Aliona jasho tu, likiteremka kutoka chini ya nywele za bandia. Akasimama.

"Mtukufu, kosa si lake. Jino langu la mbele limelegea. Noti za juu haziji tena."

"Tangu lini?"

"Tangu majira ya baridi."

"Na muda wote huo nilikuwa nikisikiliza nini?"

"Ujanja wangu, Mtukufu."

Hakuna aliyethubutu kucheka. Mtukufu akawageukia wapiga fidla. "Rudieni."

Safari hii bibi mmoja, shangazi yake Mtukufu, ambaye minueti za haraka zilikuwa zimemketisha miaka mingi, alimkabidhi mtumishi fimbo yake, akaingia katikati. Mwendo ule ulimngoja. Kila pigo la kwanza lilimkuta mguu wake tayari umefika. Kilian, mikono mitupu, alisikia kwa mara ya kwanza sauti nzito za chini alizokuwa akizifunika kwa miaka ishirini na miwili.

Ukumbi ulipokuwa mtupu alimfuata Wendelin.

"Niambie kweli. Uliandika vile kwa ajili yangu, au kwa ajili yako?"

"Wewe unaonaje?"

"Mimi sijui."

"Basi tuko wawili, ndugu yangu." Wendelin alifunga sanduku la fidla. "Njoo kesho asubuhi. Tarumbeta iache nyumbani."

Kilian alitaka kuuliza kwa nini, kama alivyozoea kushuku kila jambo. Maneno yalikuwa yameshafika kinywani; akayameza.

"Saa ngapi?" akauliza.