Onyesha Panapouma

Mwaka 1954 akili ziliniruka, nikatupa nguo za wateja ziwani. Nilipona, nikarudi kwenye cherehani. Lakini muuguzi wa zahanati hapa Gisenyi hampokei aliyewahi kuwa na wazimu mpaka afungwe kwanza, hata akiumwa tumbo tu. Basi leo kaka yangu Muhamadi alinifunga mikono nyuma, pale mlangoni, kwa futi yangu ya kupimia nguo.

"Saidati, inakuuma wapi?" muuguzi aliuliza.

"Tumboni. Siku tatu sasa."

"Tumbo ni kubwa. Onyesha na kidole."

Kidole kipi, mpumbavu wewe? Nikamgeuzia mgongo aione mikono yangu.

Akaruka nyuma ya meza. "Muhamadi, mushike! Imeanza tena!"

Kwenye kadi yangu akaandika neno moja, lile lile la 1954.