Bwana Nguzo Alivyotazamwa Vudee

Nianze na ubaya. Filamu ya kwanza ya Bwana Nguzo imetengenezwa na watu ambao hawakusoma katuni yake, au waliisoma wakiwa na haraka ya kwenda kula. Nimeitazama zaidi ya mara moja ili niwe na haki ya kusema hivyo.

Kwa asiyemjua, Bwana Nguzo mchana ni fundi saa, mtu mpole wa miwani. Mlima uliwahi kumwangukia, akatoka chini yake akiwa na nguvu za kubeba chochote: daraja, treni, ghorofa linaloinama. Akisikia kitu kinaanguka, huvaa joho lake la manjano na kwenda kukishika. Hayo filamu inayajua. Isiyoyajua ni masharti yake. Katika katuni, kila mzigo mzito anaoubeba humgeuza jiwe sehemu fulani ya mwili. Kwanza kidole, kisha kiganja, kisha mkono mzima. Kwa hiyo hufikiri kabla ya kubeba, na wewe msomaji unafikiri naye, unaogopa naye. Katika filamu ya kwanza anainua treni yenye abiria, anaitua, anajipangusa vumbi, anakwenda kunywa kahawa na msichana. Kidole chake kizima kabisa! Nililalamika kwa sauti mpaka Dorkas, mwenye ukumbi wa video hapa kwetu Vudee, milimani Upare, akaniambia kama sipendi nitoke, lakini kiingilio hakirudi.

Katuni naijua kwa sababu nimekua nayo. Ilitufikia mimi na kaka yangu Yona ikiwa karatasi za kufungia sabuni. Ilikuwa ile miaka ya shida, duka la kijiji lina mizani na halina cha kupima. Watu wa tambarare walikuwa wakivuka mpaka upande wa ziwa Jipe na kurudi na sabuni za Kenya zimefichwa chini ya samaki wakavu. Mama alikuwa akizinunua kwa mama mmoja huko Same, kwa kificho, na kila kipande kilikuwa kimeviringishwa ukurasa mmoja wa Bwana Nguzo. Sijui yule mama alilipata wapi rundo lile. Yona alizinyoosha karatasi kwa pasi ya mkaa na kuzipanga kwa namna alivyoona inafaa, kwa hiyo kuna mahali Bwana Nguzo anapona kabla hajaumia. Hatukujali. Zilinukia sabuni na samaki.

Maneno yalikuwa ya Kiingereza. Yona alikuwa amemaliza darasa la saba, akanitafsiria. Baadaye nilipopata Kiingereza kidogo nilizirudia zile karatasi na kugundua kwamba nusu ya maneno aliyatunga. Ya kwake yalikuwa mazuri zaidi. Bwana Nguzo wa kwenye filamu anapofika penye ajali hutoa hotuba kuhusu haki na ubinadamu huku watu wananing'inia. Bwana Nguzo wa Yona alikuwa akisema, "Shikilieni hapo hapo, nakuja."

Ukurasa wa mwisho tuliokuwa nao ulikuwa hivi: bwawa kubwa juu ya mji limepata ufa, Bwana Nguzo ameliegemezea mgongo, na jiwe limeshamfika shingoni. Ukurasa uliofuata hatukuupata. Ulifunga sabuni ya mtu mwingine. Yona alisema lazima atapona. Mimi nilisema atageuka jiwe mwili mzima, masharti ni masharti. Tulibishana siku nyingi, mpaka Mama akatishia kuwashia moto katuni yote. Ndipo tukakubaliana kwamba atakayekuwa wa kwanza kuujua mwisho atamfuata mwenzake popote alipo amwambie ana kwa ana.

Kisha Baba akafariki, na Yona, ambaye ndevu zilikuwa bado zinajifikiria, akashuka kwenda kukata mkonge. Ada yangu ya shule ilitoka kwake. Bati la nyumba lilitoka kwake, dawa za Mama zilitoka kwake, na dada yetu aliolewa na sherehe ikafana kwa jasho lake. Kila Krismasi alipanda mlima na sukari begani. Halafu bei ya mkonge ikaanguka, shamba likabadilisha wenyewe, na watu wakawa wanafanya kazi kwa ahadi. Yona akaacha kuja. Alituma salamu kwamba atakuja atakapokuwa na chochote cha kushika mkononi, na kwamba tusimfuate, kambi si mahali pa kupokea wageni.

Ukimjua Yona, unajua kwamba kumwendea bila sababu kungekuwa kumdhalilisha. Nilihitaji sababu. Kwa hiyo nilipouhangaikia mwisho wa Bwana Nguzo, watu wakinicheka kwamba mtu mzima mwenye shamba anagombana na picha, mimi nilikuwa namtafuta kaka yangu. Nilimkumbuka mpaka nikakasirika.

Sababu ililetwa na Dorkas. Serikali iliporuhusu watu wafanye biashara, na kahawa ikawa haina maana tena, Dorkas aliuza miche na mbuzi wa marehemu mumewe, akanunua televisheni, deki na jenereta, akaifanya stoo ya kahawa kuwa ukumbi wa video. Mikanda aliiazima Same. Mikanda ya Bwana Nguzo ilikuwa mitatu.

Ya kwanza nimeshaisema. Ya pili inahusu mapenzi. Bwana Nguzo anacheza dansi kwa muda mrefu kuliko anavyobeba vitu. Bibi Esta, mama mkwe wa Dorkas, ambaye miguu yake imegoma na ambaye huwekewa kiti mbele kabisa kwa kuwa ukumbi ni stoo ya mwanawe, alisema kijana huyu atafutiwe kazi ya maana. Sina la kuongeza. Isipokuwa mwishoni kabisa, mnara unapoegemea, anaushika, na kamera inasogea kwenye mkono wake: kidole kidogo kimegeuka jiwe. Nilisimama nikapiga kelele. Mtu alikuwa amewaambia! Mtu huko aliisoma katuni!

Filamu ya tatu, nasema bila kusita, ni filamu. Ilionyeshwa Jumapili baada ya ibada, masika yakiwa yamekolea, mvua inapiga bati mpaka sauti ya televisheni ikawa haisikiki. Haikuwa hasara, maana hotuba hazikusikika. Jiwe lilipanda taratibu kama inavyotakiwa, kiganja, kiwiko, bega. Hata kazi ya saa ilimshinda kwa kukosa vidole, na hakumwambia mtu.

Mzee Eliezeri, msimamizi wa ndiva yetu, alikuwa amekuja kukagua kama picha ina aibu. Ndiva ni bwawa la udongo na mawe ambalo mababu walilijenga juu ya mashamba. Maji hukusanywa humo na kufunguliwa kwa zamu, na likihitaji kazi hupigwa pembe, watu hutoka kwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kila nyumba, na asiyetoka hutozwa. Mzee Eliezeri amelisimamia tangu sijazaliwa. Hakuna aliyemwambia kwamba picha inahusu bwawa.

"Shikamoo, mzee, karibu mbele," nilimwambia.

"Marahaba. Hili bwawa lao msimamizi wake nani?"

"La serikali, mzee."

"Aa. Ndiyo maana." Alitazama kidogo. "Na pembe iko wapi?"

"Hawana pembe."

"Mji mzima umesimama pale juu unatazama, anayeziba ni mmoja?"

"Mzee, huyo ndiye shujaa."

"Huyo namwona, Anderson. Nakuuliza wale wengine. Wale wote mimi ningewatoza."

Nilimwomba kwa heshima anyamaze. Bwana Nguzo alikuwa ameegemeza mgongo kwenye ufa, maji yanamrukia, na jiwe linapanda shingoni. Ulikuwa ule ukurasa wetu, mstari kwa mstari. Baada ya hapo ni mahali ambapo mimi na Yona hatujawahi kufika.

Pembe ikalia.

Haikuwa ya kwenye filamu. Ilikuwa yetu, inatoka juu kwenye ndiva, na ilikuwa inalia bila kupumzika, kumaanisha ndiva imepasuka au inapasuka. Mzee Eliezeri alikuwa mlangoni kabla mimi sijageuza kichwa. Watu wakatoka kwa kukanyagana. Mimi nilibaki nimeshika benchi, macho kwenye kioo.

"Anderson!" Dorkas aliita, tayari na jembe. "Maharage ya mama yako yako chini ya ndiva!"

Nilitoka kinyumenyume, nikitazama mpaka mlango ukanificha kioo.

Ufa ulikuwa kwenye ukuta wa chini, na maji yaliyotoka yalikuwa mekundu. Wanawake walileta udongo kwa beseni, vijana wakakata migomba wakatupia mashina mazima mazima. Mawe yaliyowekwa yalikuwa yakisukumwa nje, ikabidi mtu ayaegemee wengine wakishindilia. Nilikuwa karibu, nikaegemea mgongo. Kwa muda mfupi nilikuwa mtu mwenye furaha kubwa, mwacheni shabiki. Halafu uzito ukaja. Niligundua kwamba katuni na filamu zote tatu hazikusema lolote kuhusu uzito, jinsi unavyokuziba pumzi na kukuondolea mawazo yote isipokuwa moja, kwamba mwingine aje. Mwingine akaja, jirani yetu Tumainieli, akaweka bega. Akaja mwingine, akaja Dorkas. Ukawa uzito wa kuvumilika. Tuliegemea hivyo, tukitukanana kwa upole, mpaka udongo ukashika.

Kazi ilipoisha Mzee Eliezeri aliita majina kwa kichwa, nyumba baada ya nyumba, kama anavyofanya siku zote. Alipofika kwetu akaniita, nikaitika.

"Yona?"

"Yuko mkonge, mzee."

"Aliko najua. Nauliza kama amerudi."

"Bado."

"Haya," alisema, akaita nyumba inayofuata.

Nilishuka mbio mpaka kwenye stoo. Jenereta lilikuwa bado linanguruma. Ndani alikuwepo Bibi Esta peke yake, na kwenye kioo Bwana Nguzo amesimama, jiwe limemfika machoni, matone ya maji yamesimama hewani.

"Bibi, imeishaje?"

"Mmeziba?"

"Tumeziba. Imeishaje?"

"Amegeuka jiwe."

"Una hakika, Bibi?"

"Tangu mtoke hajapepesa jicho."

Dorkas akaja, akafungua deki. Ilikuwa imeula mkanda. Utepe ulitoka kama utumbo wa kuku, umekatika vipande. Kwa hiyo mpaka leo siwezi kukuambia kama Bwana Nguzo aligeuka jiwe au mashine ilikwama. Mwenye mikanda huko Same hana mwingine, na kila ninayemuuliza anasema aliiona lakini alilala.

Bibi Esta alikuwa analia. Nilifikiri ni moshi wa jenereta.

"Walikuwa wengi," alisema. "Wamejaa pale juu na makoti yao. Hakuna hata mmoja aliyemshikia. Hata maji ya kunywa hawakumpa. Huyu ana mama?"

"Kwenye katuni kurasa za mama hatukuzipata, Bibi."

"Anaye. Na ndugu je?"

"Sijui."

"Hujui! Basi nenda kawaambie mtoto wao amesimama kule peke yake. Unakaa hapa kufanya nini?"

Dorkas alianza kumweleza kwamba ni picha tu. Mimi sikungoja. Nilikwenda nyumbani kuoga matope, na kulipokucha nikashuka.

Kambi ya mkonge ilikuwa nusu tupu. Nilimkuta Yona ameketi nje ya chumba chake anashona kiatu kwa waya. Alikuwa amekonda, na aliponiona hakusimama. Nilimpa mkono. Kiganja chake kilikuwa kigumu pote. Nilitafuta mahali palipo laini na sikupapata haraka.

"Umeujua mwisho," alisema.

"Hapana. Ndiva ilipasuka nikiwa katikati. Nimetoka sijaona."

"Mmeziba?"

"Tumeziba."

Akaitikia kwa kichwa, akakirudia kiatu chake. "Sasa umekuja kufanya nini?"

Njia nzima nilikuwa nimetunga jibu, la heshima, lenye kuzunguka. Lilinitoka kichwani. "Nimekuja kukuchukua," nilisema. "Tumekukosa, kaka. Mama amekukosa."

"Sina cha kushika mkononi, Anderson."

"Mzee Eliezeri ameliita jina lako."

"Mimi?"

"Kila msaragambo anakuita. Jana pia."

Yona alikiweka kiatu chini. Alipumua kwa kukatakata, akajifuta uso kwa mkono wa shati, akasema vumbi la huku ni baya. Nikakubali kwamba ni baya. Kisha akaingia ndani, akakunja blanketi, akatoka na sanduku lake la bati begani.

Nilishika mpini wa upande mmoja. Akasema niache, linamtosha mwenyewe. Nikavuta mpaka likashuka begani. Akavuta kwake, nami nikavuta kwangu, na watu wa kambi wakatoka kutazama. Mwishowe aliachia upande wangu. Lilikuwa jepesi, kweli lingemtosha mtu mmoja, lakini tulilibeba wawili mpaka barabarani.