Gunia Moja la Mtama, Linavuja

Nilikuwa mkuu wa shehena katika uwanja wa ndege wa Dourso, na nasema uwanja kwa heshima tu. Ulikuwa mchanga mgumu uliopangwa mapipa matupu kila upande, na kitambaa cha kuonyesha upepo tulikishona kwa suruali ya mateka. Kila siku ya tisa ilitujia ndege moja ya mizigo kutoka N'Djamena kupitia Faya, na mapipa kumi na mawili ya mafuta ndani yake. Mapipa saba iliyahitaji yenyewe ili irudi ilikotoka. Mawili yalivuja njiani, moja liliibwa Faya, na mawili yaliyobaki ndiyo tuliyopigania vita. Niliwahi kuwaandikia makao makuu kwamba ndege isipokuja kabisa, mafuta yatatumika kidogo zaidi. Walinijibu kwa kunipandisha cheo.

Binamu yangu Sougoumi alikuwa kamanda wa Toyota nane. Aliamini kwamba ukipita juu ya bomu la ardhini kwa mwendo wa kilomita mia na kumi, litalipuka nyuma yako, wewe ukiwa umeshakwenda zako. Imani hiyo ilimwokoa mara sita. Mara ya saba mafuta yalikuwa machafu, gari likakohoa, mwendo ukashuka hadi themanini.

Walimleta alfajiri, paja limechanika, amefungwa kwa mpira wa ndani wa tairi. Mganga wetu wa jeshi, ambaye kabla ya vita alikuwa akitibu ngamia, alimtazama kwa muda mrefu.

"Akifika N'Djamena leo, ataishi," alisema. "Akingoja ndege ijayo, chimbeni."

Ndege ilitua saa nne asubuhi. Marubani wa adui kutoka Tripoli walikuja kutupiga mabomu saa tano na nusu kila siku, bila kukosa, hata wapishi wetu waliteleka maji ya chai kwa kuwafuata wao. Tulikuwa na saa moja na nusu. Tukashusha tulichoshusha, tukambeba Sougoumi kwenye machela, watu wanne, hadi mlangoni. Hapo sauti ya mwanamke ikatoka ndani ya ndege.

"Gunia la kumi na tano liko wapi? Nimepanda Faya na magunia kumi na tano! Nani kati yenu, enyi wezi wa mchana, amelikalia?"

Sougoumi hakuwa amefumbua macho tangu alfajiri. Aliyafumbua, kisha akavuta kilemba kikamfunika uso wote.

"Binamu, niteremsheni."

"Hujapanda bado."

"Basi nirudisheni. Huyo ni mama mkwe."

Alikuwa Hadje Koubra mwenyewe, aliyeliuzia jeshi mtama, na aliyesafiri na magunia yake kwa sababu hakumwamini askari yeyote, na hakukosea. Kwetu kaskazini mwanamume hakutani na mama mkwe wake. Hamtazami, hali mbele yake, hatamki jina lake, na akimwona kwa mbali anashika njia nyingine mbio. Sougoumi alikuwa na miaka minne ya ndoa na hajamwona mama huyo hata kisigino; sauti yake tu ndiyo aliyoijua.

Kapteni Ngarbaroum, rubani wetu, mtu wa kusini kutoka Moundou, alikuja akijifuta jasho.

"Kuna nini hapa?"

"Mama mkwe wake yumo ndani," nikasema.

"Vizuri sana! Atamshikia maji."

Hata mganga wa ngamia aliguna.

"Nitakufa hapa hapa," Sougoumi alisema kutoka ndani ya kilemba. "Si neno."

"Ufe kwa sababu ya bibi kizee?" Kapteni alimaka.

"Kwa heshima yake. Na usimwite bibi kizee."

Hadje Koubra alikuwa amesikia yote. Aligeukia ukuta wa ndege, akaanza kuzungumza na ukuta.

"Mwambieni mwenye ndege mimi nashuka! Nitangoja ndege nyingine!"

"Mwambieni asishuke!" Sougoumi akapiga kelele. "Mabomu yanakuja! Nimwache mama mkwe wangu chini ya mabomu, nipande ndege mimi? Nikifika nyumbani nimwambie nini mke wangu?"

"Mwambieni mkwe wangu, kama nina mkwe mahali popote, kwamba mabomu siyaogopi!"

"Mwambieni mimi nayaogopa kwa niaba yake!"

Mlango ulikuwa mmoja tu, na machela imeuziba, kwa hiyo hata kushuka asingeweza bila kumruka. Wakang'ang'aniana hivyo kwa nusu saa nzima. Mtumwa wa maneno nilikuwa mimi: hatua tano kwenda, hatua tano kurudi, nikipeleka habari ambazo kila mmoja alikwisha kuzisikia kwa masikio yake. Damu ilikuwa imeanza kudondoka chini ya machela. Kapteni akapanda mbele, akawasha injini ya kushoto bila kumuaga mtu.

Hapo nilipandwa na hasira. Nilimpenda yule mpumbavu. Tulikulia hema moja, tuliiba maziwa ya ngamia pamoja na tukachapwa pamoja, na sasa alitaka kunifia mlangoni mwa ndege kwa adabu njema. Nikachukua orodha ya shehena, nikaandika: *gunia moja la mtama, linavuja*. Nikajaza uzito, nikapiga muhuri, nikamsogezea karatasi usoni.

"Soma."

Akatoa jicho moja kwenye kilemba.

"Mtama?"

"Mtama. Gunia la mtama lina mkwe?"

Aliheshimu sana maandishi.

"Halina," akakubali. "Lakini umeandika kilo hamsini na tano. Mimi nina sabini."

"Damu nyingi imetoka."

"Andika sabini, binamu. Sitaki udanganyifu kwenye karatasi za jeshi."

Nikaandika sabini. Tukamviringisha kwenye mkeka, juu yake turubai la Toyota, tukafunga kamba tatu na kuacha upenyo wa kupumulia. Kapteni alitia sahihi bila kusoma mara ya pili.

"Miaka mitatu nilisomea urubani," alisema. "Miaka mitatu."

Mabomu yalianguka Dourso tukiwa tumeshapaa, na mimi nimo ndani. Nadhani yaliua mapipa matupu, kama kawaida.

Sasa, yale mapipa saba ya kurudia yalikuwa ndani pamoja nasi. Tangi la ndege lilikuwa dogo kuliko safari, hivyo lazima mtu akae na pampu ya mkono akivuta mafuta kutoka pipani, njia nzima, la sivyo injini zinanyamaza. Mtu wa pampu alikuwa amebaki Faya na homa. Kwa hiyo nilipampu mimi. Gunia lilikuwa katikati. Hadje Koubra aliketi nyuma kabisa, shela imemfunika hadi kiunoni, uso ameuelekeza mkiani.

Baada ya nusu saa niliona mkeka umebadilika rangi. Ule mpira wa tairi ulikuwa umelegea. Nikaacha pampu, nikamrukia. Sijafika, injini ya kulia ikakohoa na ndege ikaanza kwenda upande.

"Pampu!" Kapteni alinguruma. "Pampu, mwana wa shetani, tutakufa wote!"

Nikarudi kwenye pampu. Injini ikatulia, damu ikaendelea. Nilianza kulia huku napampu, sioni haya kusema.

"Hadje," nikaita. "Lile gunia linavuja."

"Najua linavuja. Si mmeliandika hivyo?"

"Linavuja sana, Hadje. Halitafika."

Akauliza, bado uso mkiani, "Ni gunia la nini?"

"La mtama."

"Una hakika?"

"Liko kwenye karatasi. Na muhuri nimepiga."

"Basi," akasema, "mtama ni kazi yangu."

Alikuja kinyumenyume, akijiburuta kwa makalio, shela haikufunuka hata kidogo. Akaupeleka mkono nyuma ya mgongo wake, akapapasa mkeka, akapenyeza vidole, akaupata mpira, akaukaza. Kisha akakunja pindo la nguo yake, akaligandamiza kwenye jeraha kwa ngumi, akakaa hivyo hivyo, mgongo kwa mgongo na gunia. Safari ilikuwa bado saa mbili na nusu.

"Nani kafunga gunia hili?" alifoka. "Mtoto anafunga vizuri zaidi."

"Mganga wa ngamia, Hadje."

"Inaonekana."

Mganga alikuwa ameniambia asiachwe alale. Lakini gunia halizungumzishwi, na Sougoumi alishika adabu ya gunia kiasi kwamba hata kuguna hakuguna. Nikamwambia Hadje kwamba ninaogopa mtama unasinzia. Akapiga ulimi.

"Nitakuhadithia wewe mwenye pampu," akasema kwa sauti ya kushinda injini. "Kuna mwanamume mmoja alimwoa binti yangu Achta. Sijamwona, lakini habari zake ninazo. Alileta ngamia watano, mmoja kilema."

Akalitegea gunia sikio.

"Kilema wa miguu miwili! Alikuwa akichechemea mbele na nyuma."

"Hakuwa kilema!" gunia likasema.

Tukatazamana, mimi na mgongo wa Hadje.

"Ni injini hiyo," nikasema.

"Nami nimesikia ni injini. Na huyo mwanamume, wanasema, anaendesha gari kama anayefukuzwa na nyuki, kwa sababu ni mwoga, anataka kufika kabla ya hofu yake."

Injini ikatukana kidogo, kwa heshima. Hadje akaendelea. Alimsema kwa chai yake mbaya, kwa ndevu zake chache, kwa baba yake aliyemuuzia mtu punda kipofu. Kwa saa nzima hakurudia tusi, na kila lililompata vizuri, gunia lilitikisika. Sijawahi kusikia mtu akitukanwa kwa upendo namna ile.

Kisha matusi yakaacha kufanya kazi. Alisema la ngamia tena, na gunia halikutikisika. Alisema la punda. Nikaona mgongo wake umekakamaa.

"Mwenye pampu," akasema, sauti imeshuka. "Huyo Achta, mwezi wa pili huu anatapika kila asubuhi, na nyama haitaki. Mumewe hajaambiwa. Angeambiwa na nani? Yuko vitani, mjinga yule."

Nilipampu. Mapipa yaligongana. Muda mrefu ulipita, halafu, kwa sauti ndogo sana:

"Atazaa lini?"

Hadje Koubra aliinama mpaka shela ikagusa sakafu.

"Injini inauliza nini?" akanong'ona.

"Inauliza atazaa lini, Hadje."

"Iambie baada ya mvua. Na iambie ikilala sasa nitaipiga makofi."

Haikulala. Tulipotua N'Djamena Hadje alikuwa wa kwanza kushuka, mkono umepauka na hauwezi kukunjuka. Aliwaambia wauguzi, "Kuna gunia ndani, lichukueni kwanza," akaenda zake kudai gunia lake la kumi na tano.

Sougoumi alipona. Goti lake tu ndilo lilikataa kukunjika tena. Miezi mitano baadaye tulikuwa sokoni Faya, yeye na gongo lake la kutembelea kwapani, Hadje Koubra akatokea upande wa wauza chumvi. Sougoumi alijifunika uso, akageuka akimbie kama inavyompasa. Gongo likazama mchangani, akapepesuka. Akajaribu tena. Hatua tatu hakuzimaliza.

Hadje akazikusanya nguo zake, akakimbia yeye. Mwanamke wa miaka sitini, mnene, aliyekwenda Makka! Akapindua sinia la tende, akampiga kikumbo muuza chumvi, akapotea nyuma ya ukuta. Soko zima likaangua kicheko, maana tangu Faya iwe Faya hajaonekana mama mkwe akimkimbia mkwe. Nilicheka na mimi. Kisha nikamfuata. Nilimkuta ameketi chini mchangani, ameelekea ukutani, anahema.

"Amekwisha kupita?"

"Nani, Hadje?"

"Usinichezee, mwenye pampu."

"Bado. Anakwenda polepole."

"Basi tungoje."

Tukangoja. Upande wa pili wa ukuta lilisikika gongo, kisha mguu, kisha gongo.

"Ule mguu mbovu," akauliza bila kugeuka, "anaukanyagia, au anauburuta?"

"Anaukanyagia, Hadje."

Akajifunika uso kwa mikono miwili, akalia, taratibu, asije akasikika upande wa pili. Niliketi karibu naye mpaka gongo likafika mbali.