Boksi Lililokuwa Halijatoa

Baba aliniambia dakika mbili. Dada zangu, mwanamume akikwambia dakika mbili mbele ya duka la kadi, shuka utafute teksi.

Nilikuwa kiti cha nyuma, gauni limejaa mpaka dirishani, shela magotini, jua la Julai la Toledo linanichoma kupitia kioo. Alikuwa ananipeleka kanisani. Yeye ndiye angenishika mkono, anitembeze mpaka mbele, anikabidhi kwa Garrett wangu. Katika harusi nzima nilimwomba hilo moja tu. "Baba, wewe nishike mkono, basi." Alilia, masikini, akaapa kwa kaburi la mama yake. Sasa tazama, kaniacha garini na funguo kaondoka nazo.

Duka hilo, la Lyle, liko njiani, ndilo balaa lenyewe. Nilipokuwa mdogo, mimi na baba tulikuwa tunakaa ngazi za nyuma kila Jumamosi tukifungua pakiti za kadi zenye picha za wachezaji wa besiboli. Mimi nachana, yeye anasoma majina kwa sauti kama mtangazaji wa redio. Halafu akaacha, kazi zikamzidi. Mwaka jana kastaafu kiwanda cha vioo, akarudia. Na mimi nikafurahi! Nikamwambia mama, afadhali kadi kuliko baa. Kumbe kadi nazo zina walevi wake.

Jasho lilipoanza kunichuruzisha wanja, nikashuka. Nikavaa shela, nikakusanya gauni mikononi, nikasukuma mlango kwa kiuno.

"Lahaula! Bibi harusi!" Lyle mwenye duka akapaza sauti. "Delbert, umefuatwa!"

Wanaume wote wakageuka isipokuwa baba. Alikuwa amejiinamia kwenye meza ya kioo, suti imemkaa vizuri, maganda ya pakiti yamemzunguka.

"Baba, padri anasubiri."

"Najua, mwanangu. Najua. Halijatoa."

Nilijua maana yake, nani asiyejua nyumbani kwetu? Kila boksi la pakiti lina kadi moja iliyotiwa sahihi na mchezaji kwa mkono wake. Moja, lazima iwemo. Baba alikuwa amelianza boksi hilo siku za nyuma, kidogo kidogo kadiri ya pensheni yake, na halikuwa limetoa kitu. Lyle alikuwa amemwekea pakiti zilizobaki, lakini mwisho wa kuwekewa ulikuwa siku hiyo hiyo, Jumamosi adhuhuri. Ikipita hapo, anachukua yeyote. Na huyo yeyote alikuwa ameshaegemea ukuta na kikombe cha kahawa, jina lake Vern. Watu wa namna hiyo dukani wanawaita tai, wale ndege wa mizoga. Hawaanzi boksi lao hata siku moja. Wanangoja uchoke, wajilie kilichobaki.

"Mzee Del, nenda ukaoze mtoto," Vern akasema. "Hilo boksi nitakuangalizia mimi."

"Kamwangalizie mkeo!" baba akamjibu, na duka zima likacheka.

Mimi sikucheka. Nilimvuta mkono, nikamwita mzee mzima hovyo, tena mbele za watu. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza. Alinitazama kwa macho mekundu.

"Korina, nikitoka sasa hivi nitasimama kanisani namfikiria Vern. Hata ukisema 'ndiyo' sitakusikia. Nisaidie. Chana wewe. Mkono wako una bahati tangu zamani."

Ningefanya nini? Nilikuwa nataka baba yangu, mzima, na akili zake zote. Nikajiambia, likishatoa, litamwachia. Nikavua glavu, nikakaa kwenye kigoda na gauni langu la maelfu, nikaanza kuchana.

Hamna. Nikachana nyingine, hamna. Baba anasoma majina, sauti ile ile ya redio, nami nachana kama mwendawazimu. Simu ya mama ikaita mkobani. Nikaiacha iite. Wanaume wametuzunguka, mmoja ananipepea kwa kofia. Nikachana pakiti ya mwisho, nikahisi kadi moja nene kuliko wenzake, na wino wa buluu ukanitokea.

"Detroit!" baba akapiga yowe. "Yule mrusha mpira chipukizi wa timu yao! Kasaini mwenyewe!"

Duka likalipuka. Vern akatukana, akamwaga kahawa yake kwenye ndoo. Baba akanikumbatia mpaka shela ikapinda, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi kuliko nilivyofurahi asubuhi yote. Nilikuwa na baba yangu tena kwenye ngazi zile.

"Haya, twende," nikasema.

"Twende, mwanangu."

Akachomekea shati, akanyoosha tai shingoni. Tukafika mlangoni, mkono wake umeshika kiwiko changu, sawasawa kama tutakavyotembea kanisani.

"Del," Lyle akaita nyuma yetu, "katoni nalo halijatoa."

Mkono wa baba ukaganda. Maboksi huja ndani ya katoni, na kila katoni lina kadi moja ya dhahabu, lazima iwemo. Katoni hilo lilikuwa limebakiwa na boksi moja tu, nalo Lyle alikuwa ameliweka juu ya meza. Desturi ya pale, aliyemaliza boksi ndiye wa kwanza kuulizwa la kufuata. Akivuka kizingiti, zamu yake imekwisha. Vern alikuwa ameshaondoka ukutani.

"Tangulia," baba akaniambia. "Nipo nyuma yako."

"Baba, kesho sitakuwa bibi harusi. Ni leo tu."

"Najua."

"Basi toka."

"Siwezi."

Alilisema polepole, wenzake wasisikie, machozi yanamtoka na tai imenyooka. Mwaka mzima amekuwa akinidanganya kuhusu kadi zake, hilo ndilo neno la kweli la kwanza. Nikatia mkono mfukoni mwake nikachukua funguo. Aliinua kiwiko ili nisipate tabu. Kisha akarudi mezani.

Niliendesha mwenyewe, gauni limeziba usukani, nalia na kutukana kila taa nyekundu. Kanisani walikuwa wamechoka kungoja. Milango ikafunguliwa, kinanda kikaanza, watu wakasimama wote. Mama alikuwa safu ya mbele. Hakunitazama mimi, alikuwa anatazama nyuma yangu, anamtafuta. Nikamtikisia kichwa, nikaanza kutembea.