Hela Zilizopotea Njia

Pale benki walimwita Mama Tahadhari, hata wakubwa wa ghorofani walishasahau jina alilopewa na wazazi wake. Sauti yake ndiyo iliyorekodiwa kuwaonya wateja. Ukipiga simu ya benki, kabla hujahudumiwa, unamsikia: "Mteja wetu mpendwa, benki haitakupigia simu kukuuliza habari za hela zako. Akikupigia mtu, kata!" Na alivyolitamka lile "kata," hata mwizi mwenyewe angekata.

Kazi yake hasa ilikuwa dawati la pembeni, karibu na mashine ya maji, kuwahudumia waliotapeliwa na waliotuma hela kusikotakiwa. Wenzake walilikimbia dawati hilo kwa sababu ya vilio. Yeye alilipenda, na sababu yake hakuisema: alikuwa mdadisi kupindukia. Kila aliyeketi mbele yake alikuja na kisa, naye hakuwahi kushiba visa.

Asubuhi hiyo aliketi mbele yake fundi friji, bisibisi bado mfukoni, macho mekundu.

"Dada, nimekwisha."

"Hujaisha, bado unaongea. Kumetokea nini?"

Kumetokea hivi. Mama yao alikuwa amelazwa, apasuliwe nyonga kesho yake. Ndugu walichanga, na kitindamimba, yaani fundi huyu, akapewa kazi ya kuzituma hela hospitali. Jana akatuma huku kaka mkubwa akimfokea kwenye simu ya pili, "Umetuma? Umetuma?" Likatokea jina la mwanamke, akadhani ndiye mhasibu wa hospitali, akabonyeza. Hospitali wakasema hawajaona hata senti. Alipowaonyesha kaka zake ujumbe, wakalitazama lile jina wakatazamana.

"Wanasema ni mchumba wangu, dada. Wanasema nimekula hela ya mama na mwanamke. Mimi ujana wangu nilichezea hela, sikatai, lakini hii? Ya mama?" Akaufuta uso kwa kiganja. "Mhasibu amesema isipoingia leo, nafasi ya kesho anapewa mgonjwa mwingine."

Mama Tahadhari hakumwonea huruma haraka. Matapeli nao huja na machozi: mtu anatuma hela, anadai kakosea, kumbe anataka kuzila mara mbili. Akaomba namba ya hospitali, akaipanga juu ya ile iliyotumiwa, akazipitia kwa kidole. Tarakimu mbili za mwisho zilikuwa zimepishana. Basi. Haraka haraka haina baraka, na fundi wa watu aliharakishwa.

Lakini benki haiwezi kuchota hela kwenye akaunti ya mtu bila ridhaa yake, hata kama zimeingia kwa bahati mbaya. Lazima apigiwe, akubali, aje atie saini. Akainua simu.

"Shikamoo mama, nakupigia kutoka benki..."

"Marahaba, mwizi."

Simu ikakatwa.

Mama Tahadhari akaitazama ile simu kama imemzomea. Wakubwa walipoandika lile onyo, nani aliyemkumbuka mtu wa dawati la pembeni ambaye kazi yake ni kupiga simu? Hakuna! Wakaliandika, wakamwita alisome, naye akalisoma kwa mbwembwe zote. Sasa kila akipiga anakatiwa, na anayekata anamtii yeye mwenyewe.

Akapiga tena. "Bibi, tafadhali usikate. Jana zimeingia kwako hela..."

"Nimeziona. Sijazigusa, maana najua ni mtego. Mnamwekea mtu hela, kisha mnampigia arudishe, kumbe mnamkomba mpaka akiba. Safari ile mlinichukulia kiinua mgongo chote, miaka yangu yote ya kupikia watoto wa shule. Mara hii, thubutu!"

"Bibi, mimi ndiye yule wa kwenye simu ya benki. Hebu isikilize sauti yangu..."

"Ala! Siku hizi mnaiga mpaka sauti za watu! Yule mama wa watu ndiye aliyenifundisha kukukatia."

Akakata.

Mama Tahadhari nusura acheke. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na bibi huyu aliumwa kweli. Ni nani yule? Anaishi na nani? Alikuwa na nani siku alipokombwa? Maswali yalimwasha. Lakini fundi hakuwa akicheka. Simu yake iliita, akaisikiliza, sauti ya kaka yake ikisikika mpaka upande wa pili wa dawati: "Mwambie huyo mchumba wako azitapike!"

Mama Tahadhari akapiga mara ya tatu.

"Bibi, nakubali. Mimi ni mwizi."

"Haya, sema."

"Usiniamini hata neno moja. Usinitajie namba yoyote, usitume hela popote. Ukikata simu hii, njoo benki kwa miguu yako, uingie mlango unaoujua. Uwaulize kama wanaye mwizi mwenye sauti hii."

Bibi hakukata simu.

"Mwizi gani anampeleka mtu benki?"

"Ndiyo hapo bibi, hata mimi ningependa kumjua."

Akakata. Sasa bibi alikatia nini, hasira au safari? Mchana mzima Mama Tahadhari alihudumia watu jicho likiwa mlangoni. Kila aliyeingia na mkoba alimkagua. Fundi alikaa kwenye benchi, hakula, hakunywa, kila dakika akiitazama saa ya ukutani kana kwamba itamhurumia.

Saa za kufunga zilikuwa zimekaribia alipoingia bibi mfupi, mkoba ameukumbatia kwa mikono miwili, akamwendea mlinzi moja kwa moja. "Nimekuja kumshtaki mwizi."

Mama Tahadhari akainuka upesi. "Shikamoo, bibi."

Bibi akaganda. Akageuka polepole, akamtazama kuanzia viatu mpaka kichwani.

"Liseme lile la mwisho."

"Bibi, hapa kuna watu..."

"Sema!"

"Akikupigia mtu, kata!"

Kwenye foleni, bwana mmoja aliyekuwa akiongea na simu aliikata. Watu wakaangua kicheko, bibi naye akacheka mpaka akashika kifua.

"Kumbe una mwili! Mimi nilidhani wewe ni mashine."

Akatia saini bila ubishi. Alipoambiwa mwenye hela ni yule pale, akamwita. Fundi akaja amejikunyata, lakini alipomwona bibi vizuri, maneno yalimponyoka: "Bibi, kaka zangu wanasema wewe ni mchumba wangu."

"Mimi? Na haya mapengo?" Bibi akayaonyesha yote. "Waambie mahari yangu hawaiwezi."

Hela zikarudi, zikatumwa hospitali hapohapo. Safari hii fundi alilisoma jina la hospitali kwa sauti, silabi kwa silabi kama mtoto wa darasa la kwanza, wanawake wawili wakimsimamia. Muda si mrefu simu yake ikaita. Kaka mkubwa.

"Weka spika," bibi akaamuru. "Na mimi ni mtuhumiwa."

"Mdogo wangu," kaka akasema, na leo hakufoka, "zimefika."

"Nashukuru, kaka."

"Sasa... kuna jambo. Mama amekataa kupasuliwa."

"Nini?"

"Tangu jana tulipomwambia umezila, amegeukia ukutani. Anasema mwanawe hakuiba, na daktari hamgusi mpaka sote tukuombe radhi, naye akisikia kwa masikio yake. Tulidhani atalegea. Hajalegea."

Tangu jana fundi alidhani ukoo mzima umemtema. Machozi yakamshuka mbele ya foleni yote wala hakujali. Bibi akampa ncha ya mtandio wake.

"Tusamehe, mdogo wetu," kaka akasema chinichini.

Nyuma ya kaka ikasikika sauti ya kizee, imechoka lakini ina makali: "Sauti! Kibovu changu ni nyonga, si masikio. Rudia, na huyo ndugu yako naye aseme!"